Lifti ikikwama na watu ndani: namna ya kuwatoa salama

Kila umeme unapokatika mjini, walinzi na mameneja wa hoteli huniuliza jambo lile lile: wauvunje mlango au wasubiri? Naandika jibu hapa ili lisomwe kabla mtu hajashika nondo.

Aliyemo ndani ya lifti iliyosimama yuko salama kuliko anayetolewa kwa pupa. Chumba hushikiliwa na kamba kadhaa za chuma, breki hujifunga yenyewe umeme unapopotea, na hewa hupita.

Kwanza, zungumza na abiria na uwaambie wakae mbali na mlango. Ukisikia habari ya moshi au mgonjwa, kiite Kikosi cha Zimamoto na Uokozi papo hapo.

Pili, zima swichi kuu ya lifti, uifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba umeme ukiwa haupo hakuna cha kuzima. Tangu kiza kirefu cha 2008, na kile kilichoanza Disemba 2009, majengo mengi ya Unguja yamefungwa jenereta, na nyingine hujiwasha zenyewe. Lifti ikipata umeme ilhali mtu ana mguu mmoja ndani na mwingine nje, inaweza kuondoka naye. Taa ya ndani na kengele usiziguse.

Tatu, tazama chumba kiliposimama. Kanuni yangu ni kwamba sakafu mbili zikipishana kwa zaidi ya sentimita 30, hatoki mtu mpaka afike fundi aliyefunzwa kukisogeza chumba. Kikiwa kimesimama juu ya usawa wa ghorofa, chini yake hubaki uwazi wa kuelekea shimoni, na anayeruka akitua vibaya hurudi nyuma akatumbukia humo. Zikilingana, fungua kwa ufunguo wa pembetatu, uwatoe mmoja mmoja, kisha hakikisha mlango umejifunga.

MASWALI

— Mimi hufungua kwa bisibisi na watu hutoka. Yote haya ya nini?

Soma tena hatua ya pili na ya tatu. Bisibisi haikuonyeshi chumba kilipo, na nyuma ya mlango huo panaweza kuwa na shimo tupu.

— Assalamu alaykum, fundi. Nasomea umeme. Kwa nini breki ikilegezwa, lifti yenye watu wawili hupanda?

Waalaykumu salaam, mwanangu, umeuliza jambo la msingi. Uzani wa upande wa pili, yaani vyuma vizito vinavyoning'inia kwenye ncha nyingine ya kamba za chumba, hulingana na chumba kitupu pamoja na kiasi cha asilimia 40 hadi 50 ya mzigo wa juu kabisa kinaoruhusiwa kubeba. Kwa lifti ya kilo 630, nusu ni kilo 315. Watu wawili wa kilo 75 ni 150 tu, basi uzani hushinda na chumba hupanda. Ndiyo maana fundi huilegeza breki kidogo kidogo, akitazama chumba kinaelekea wapi.

— Je, watokee darini?

Hapana. Juu ya chumba kuna kamba na shimo lililo wazi.

— Lifti yetu haina chumba cha mashine. Swichi iko wapi?

Mara nyingi huwa kwenye kabati lililo kando ya mlango wa ghorofa ya juu kabisa. Mwombe fundi wenu awaonyeshe mapema, na mlinzi wa zamu ya usiku awepo.