Ukiandika ripoti ya sera, leta wazo jipya jamani

Taasisi zetu za utafiti wa sera tunazihitaji sana, REPOA na ESRF kule Dar zipo tangu miaka ya 90, Nairobi kuna KIPPRA, ila ripoti nyingi siku hizi mapendekezo ni yaleyale, "serikali iongeze bajeti, elimu itolewe", basi. Kama we ni mtafiti kijana anza hivi.

Toka ofisini kwanza. Kaa na mama ntilie au bodaboda siku nzima, muulize analipa ushuru gani, kwa nani, na akikosa inakuwaje, hapo ndo utaona tatizo halisi ambalo halipo kwenye makabrasha. Kama nauli hamna tumia simu, Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa shirika la Twaweza, wanapigia watu simu tangu 2013 na majibu wanapata.

Alafu pendekezo lako liwe moja tu, useme nani alitekeleze, sheria gani ibadilike, hela itoke wapi. Hapo kwenye hela ndo wengi wanakwama, usiparuke!

Andika kurasa mbili, Kiswahili cha kawaida, na upeleke mapema, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 kwahiyo ukileta Juni umechelewa.