Kutia wanga mashati kwa mashine ya kufulia

Kwa lita 10 za maji, vuruga gramu 200 za wanga wa muhogo kwenye maji baridi kwanza, kisha mimina katika maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji ung'ae. Hapa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi; zinatosha kabisa, wanga huiva karibu na nyuzi 70. Chuja kwa kitambaa, maana bonge moja tu huungua chini ya pasi na kuacha doa.

Mimina uji huo kwenye ngoma (pipa la mashine linalozunguka) yenye mashati yaliyokwisha kufuliwa, izunguke dakika 10, bila kusuuza tena. Kukamua ni dakika 1. Ukizidisha, wanga unaondoka na maji. Piga pasi nguo zikiwa na unyevu. Kwenye baridi ya Juni usizilaze mbichi, zitaota ukungu.

Osha ngoma na chujio la pampu kwa maji ya moto siku hiyohiyo.