Somo: Emacs ya GTK na Emacs ya Lucid, ipi inakula RAM zaidi?

Habari zenu wakuu. Wenye kompyuta za RAM ya 2 GB mnajua jinsi kila megabaiti inavyogombaniwa. Emacs, kihariri cha maandishi, ni ileile ndani, ila madirisha na menyu huchorwa na maktaba uliyoichagua wakati wa kuijenga. Leo tunapima mbili kwenye Linux: GTK3 na Lucid.

1. Jenga zote mbili. Fungua kifurushi cha msimbo wa Emacs, uingie ndani, kisha:

    mkdir gtk lucid
    cd lucid
    ../configure --with-x-toolkit=lucid
    make

Rudia kwenye folda ya gtk ukiweka `gtk3`. Kabla ya make, tafuta kwenye matokeo ya configure mstari wa "What toolkit should Emacs use?" Lazima uishie na LUCID au GTK3. Usipouangalia unaweza kupima kitu kimoja mara mbili.

2. Washa na upime.

    src/emacs -Q faili.txt &
    sleep 20
    grep -E '^(Rss|Pss|Private)' /proc/$!/smaps_rollup

`-Q` inazuia mipangilio yako isiingie. Tumia faili lilelile na dirisha la ukubwa uleule, tena faili lisiwe na emoji, maana zitaita fonti nyingine. Pima mara tatu, chukua namba ya katikati. Kerneli (kiini cha Linux) iwe 4.14 au mpya zaidi.

3. Soma namba. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaangalia Rss peke yake. Tuseme MB 12 za GTK zinatumiwa kwa pamoja na Emacs, kidhibiti faili na kihariri picha. Rss inamwandikia kila mmoja 12 nzima. Pss inagawa, kila mmoja anabeba 4. Kwa hiyo ukiwa kwenye XFCE, mazingira ya eneo-kazi ambayo yenyewe yamejengwa juu ya GTK3, sehemu ya mzigo ule tayari imeshabebwa. Ukiwa kwenye i3 (kidhibiti madirisha chepesi) bila programu nyingine ya GTK, Emacs inaubeba peke yake, na hapo Lucid inakufaa zaidi. Private ndiyo RAM utakayorudishiwa ukiifunga.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mbona kwenye top (amri ya kuonyesha michakato) safu ya VIRT ni kubwa kupita kiasi?*
Hizo ni anwani zilizotengwa tu, si RAM iliyotumika. Achana nayo.

*Shukrani kwa somo. Mimi naiwasha kwa --daemon ili ibaki ikifanya kazi nyuma ya pazia, nichague ipi?*
Lucid, ndugu yangu, hata kama RAM unayo. GTK ina hitilafu ya miaka mingi: muunganisho wa X (mfumo unaoonyesha madirisha kwenye Linux) ukikatika ghafla, Emacs nzima inaweza kuanguka na kazi yako ndani. Emacs yenyewe hukuonya ukijenga kwa GTK.

*Na sisi wa Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X?*
Lucid itapitia Xwayland, daraja la kuendeshea programu za X ndani ya Wayland, na hiyo ni mchakato wa pembeni wenye RAM yake. Kama hakuna programu nyingine inayoihitaji, jumlisha Pss yake kwenye hesabu ya Emacs. Kisha jenga ya tatu kwa `--with-pgtk`, iliyoanza na Emacs 29 mwaka 2023 na haihitaji X kabisa, uzilinganishe.