Safari ndefu ya gari na familia katika nchi ngeni: hesabu saa, si kilomita

Ramani ya simu ikisema saa 6 na mna watoto, panga 8. Mtasimama kila baada ya saa 2, na kusimama na watoto hakuishi kwa dakika 10. Mkiendesha siku mbili mfululizo, ya tatu pumzikeni.

Kabla ya kulipia gari, hakikisha kibali chako cha kimataifa cha kuendesha kinakubalika huko. Kuna cha mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa 1949 na cha ule wa 1968. Japani, kwa mfano, inatambua cha 1949 tu. Kibebe pamoja na leseni yako, maana peke yake hakina nguvu.

Ukikabidhiwa gari, piga video ya bampa, rimu, vioo na geji ya mafuta. Fungua buti: magari mengi siku hizi hayana tairi ya akiba, yana dawa ya kuziba pancha tu, nayo haifui dafu tairi likichanika ubavuni. Kiti cha mtoto kitikise pale mkanda unapopita. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, kaza upya.

Rangi ya pampu isikudanganye: kijani Uingereza ni petroli, Marekani mara nyingi ni dizeli. Soma maandishi kwenye kifuniko cha tangi.