Mtoto anaingia darasa la tano: ya kuandaa kabla shule hazijafunguliwa

Mwaka wa darasa la nne nyumba nzima huwa macho, maana kuna upimaji wa kitaifa. Mtoto anaamshwa alfajiri, anatafutiwa mitihani ya miaka iliyopita, na kila jioni anaulizwa amesoma nini. Upimaji ukiisha tunashusha pumzi. Darasa la tano halina mtihani wa taifa, basi linaanza huku wazazi tumeshalala.

Mimi nililala hivyo kwa binti yangu wa kwanza. Alipata C darasa la nne, nikamshukuru Mungu, nikaendelea na shughuli zangu. Mwezi wa nane nikafungua daftari lake la Hisabati nikitafuta karatasi tupu ya kuandikia mahitaji ya dukani. Nikakuta swali la kujumlisha nusu na theluthi, yeye ameandika 2/5, na chini yake kalamu nyekundu: "Mzazi fika shuleni." Tarehe ilikuwa ya Machi. Hakuniambia kwa sababu aliogopa, na mimi sikuwa nimeuliza. Sasa mdogo wake anaingia darasa hilohilo Januari 2026, na Desemba hii sitaki irudiwe.

Jambo la kwanza la kujua ni mtoto wako anafuata mtaala upi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo ndio wanaofika la tano 2026, na kwao elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Waliokuwa darasa la nne 2024 wanaendelea na mtaala wa zamani hadi la saba. Hesabu mwenyewe: makundi yote mawili yanamaliza shule ya msingi mwaka mmoja, 2027, na kuelekea kidato cha kwanza pamoja. Kwa hiyo mtoto anayeanza la tano Januari hii amebakiza miaka miwili tu, si mitatu kama tulivyozoea kuhesabu. Ukisema "bado ana muda", muda huo umeshapunguzwa mwaka mzima.

Hilo linagusa hata kabati la vitabu. Nilikuwa nimemhifadhia mdogo vitabu vya dada yake, Maarifa ya Jamii pamoja na Uraia na Maadili, nikidhani nimeokoa fedha. Ratiba yake ina Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Sayansi ambayo mpangilio wake si ule wa zamani. Kiswahili, Kiingereza na Hisabati vipo bado, ila vitabu vimeandikwa upya. Kabla hujanunua chochote, au hujapokea vya jirani, angalia kama kitabu kimetolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania kwa mtaala huu mpya. TET ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomeka kwenye simu bila kulipia, kwa hiyo hata asiye na uwezo wa kununua anaweza kuona mtoto atasoma nini.

Matokeo ya darasa la nne kwa kawaida hutoka mapema Januari. Yasome somo kwa somo. Mzazi anayeishia kwenye daraja la jumla anafichwa mengi: mtoto mwenye C anaweza kuwa amebebwa na Kiswahili huku Hisabati ikiwa imezama. Andika masomo mawili yaliyo chini kabisa kwenye karatasi, uibandike mahali utakapoiona. Hayo ndiyo ya kushughulikia, mengine yatajiendea.

Sasa nikae kidogo kwenye kusoma, maana hapa ndipo wengi tunadanganyika. Mtoto wa umri huu anasoma kwa sauti bila kukwama, nasi tunafurahi. Kijana wangu alinisomea habari ya mkulima aliyejaza mahindi kwenye kihenge kabla ya masika. Alisoma vizuri, hata vituo aliviheshimu. Nikamuuliza, kihenge ni nini? Akajibu bila kusita, "Ni kijiji chao." Kakulia mjini, ghala la fito hajawahi kuliona. Na kwa kuwa hakujua neno hilo moja, hakuelewa kwa nini panya walikuwa tatizo, wala kwa nini mkulima alipanda juu kuezeka upya. Habari yote ilimpita huku mdomo ukiendelea kusoma.

Mpime wako hivi. Chagua ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la nne, asome kimya, kisha afunge kitabu. Mwambie akusimulie kilichotokea kwa maneno yake. Halafu muulize kwa nini kilitokea, na umtajie maneno mawili magumu ya humo akueleze maana. Akisimulia vizuri lakini akashindwa la "kwa nini", anahitaji kusoma zaidi na kuzungumza zaidi. Akishindwa hata kusimulia, usingoje Januari, anza leo kwa habari fupifupi, hata za darasa la tatu, bila kumwonea haya. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kazi hii vilevile, kwa sababu kinachotakiwa ni sikio. Mama yangu hakumaliza la nne, lakini mjukuu akimsomea gazeti, yeye ndiye humkatisha: "Hebu rudia hapo, nani alimwambia nani?"

Nasisitiza kusoma kwa sababu darasa la tano kila somo linakuja kwa maneno mengi. Hata Hisabati ina maswali ya mafumbo: mtu kauza trei kadhaa za mayai, kapata faida kiasi fulani, mtaji ulikuwa shilingi ngapi. Mtoto akikosa swali la namna hiyo tunasema hajui hesabu, kumbe hakuelewa sentensi ya pili.

Hisabati yenyewe ina mlolongo, na ukikatika mahali huwezi kuruka. Ili ajumlishe sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti anahitaji KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika. Ili apate KDS anahitaji tebo. Mtoto anayehesabu vidole kutafuta saba mara nane atachoka kabla hajafika kwenye swali lenyewe. Kwa hiyo likizo hii tebo ziwe za mdomoni, mpaka kumi na mbili, mkiwa mnaosha vyombo au mnangoja daladala. Dakika tano kwa siku zinatosha, na ziulizwe kwa kuchanganya; ukimwacha aimbe kwa mfuatano ataimba tu.

Sehemu nilimfundisha binti yangu kwa chapati, baada ya ile aibu ya Agosti. Alikuwa amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Nikakata chapati vipande sita vilivyo sawa. Nusu ni vingapi? Akahesabu vitatu, akavitenga. Theluthi? Viwili. Vyote pamoja vitano kati ya sita. Nikamwambia, wewe ulisema mbili ya tano. Chapati ikikatwa vipande vitano ukapewa viwili, umepata nusu? Akafikiri, akasema haifiki. Basi umeanza na nusu, ukaongezewa theluthi, ukaishia na pungufu ya nusu? Alicheka, akachukua kalamu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila akipata jibu hujiuliza kwanza kama linaingia akilini. Nimeona tabia hiyo inamfaa kuliko kanuni yoyote niliyowahi kumkaririsha.

Kiingereza kifikirie kwa mbele kidogo. Watoto wengi wako shule za serikali ambako masomo yanafundishwa kwa Kiswahili, halafu wakiingia kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Huwezi kuziba pengo hilo kwa likizo ya kungojea sekondari peke yake. Nyumbani kwangu tunasoma vifungashio. Sabuni, dawa ya meno, pakiti ya unga wa ngano, vingi vimeandikwa lugha zote mbili. Anasoma upande wa Kiingereza, anabahatisha maana, anageuza kuhakikisha. Maneno matatu mapya anayaandika kwenye kijidaftari. Jumapili ananiuliza mimi maana zake, na nikikosa anafurahi kweli.

Halafu tazama siku ya mtoto ilivyo. Kabla shule hazijafunguliwa, kaa uandike anafanya nini tangu anapofika nyumbani mpaka analala. Wengine tutagundua kwamba anachota maji, anabeba mdogo wake, anapeleka karanga gengeni, na daftari analifungua saa tatu usiku macho yameshaanguka. Sisemi asifanye kazi, kazi za nyumbani ni malezi. Ninachosema ni kwamba dakika arobaini ziwe zake kabla ya jua kuzama, na kila mtu nyumbani ajue kwamba saa hiyo hatumwi. Mahali pawe palepale kila siku, hata kama ni mkeka barazani. Umeme ukiwa wa mashaka, taa ndogo ya sola ni bora kuliko kibatari kinachomchoma macho.

Macho yenyewe yapimwe. Mtoto anayekunja uso akitazama mbali, au anayenakili ubaoni akakosea tarakimu, huenda haoni, nasi tunamwita mzembe. Mfungulie ukurasa wa kalenda ukutani, asimame upande wa pili wa chumba, afunike jicho moja kisha jingine asome tarehe. Ukipata shaka mpeleke kituo cha afya likizo hii. Masikio pia, hasa kwa mtoto aliyewahi kutokwa na usaha.

Mwenye binti aongeze jambo jingine. Umri wa miaka kumi na mmoja, kumi na mbili, wengine hata kumi, hedhi inaweza kuanza, hata akiwa shuleni. Zungumza naye kabla: ni kitu gani, hakina aibu, afanye nini kikimkuta darasani, amwendee mwalimu gani. Mwekee taulo za kike mbili na nguo ya ndani ya akiba kwenye mfuko mdogo ndani ya begi. Kama mama hayupo, shangazi au mama mdogo aombwe mapema. Baba anayelea peke yake aongee mwenyewe kama hana wa kumwomba; binti atakumbuka kwamba baba yake hakumwacha abahatishe.

Chakula nitakisema kwa ufupi: mtoto akienda na njaa, saa tano asubuhi hayupo darasani hata kama amekaa kwenye dawati. Shule ikiwa na utaratibu wa wazazi kuchangia mahindi na maharage, tenga sehemu yako sasa, kwenye mavuno uliyohifadhi au mshahara wa Desemba, usingoje kudaiwa.

Ada haipo katika shule za msingi za serikali, lakini Januari bado inauma. Sare, viatu, begi, kaunta buku kwa kila somo, mkebe wa hisabati wenye rula na bikari. Hapa mimi nina msimamo: fedha ikiwa kidogo, nunua madaftari na mkebe kwanza, begi la mwaka jana lishonwe. Na twisheni iwe ya mwisho. Nimeona watoto wanatoka shule saa tisa, wanaingia twisheni hadi magharibi, wanarudia yaleyale kwa uchovu mkubwa zaidi. Twisheni ifuate tatizo unaloweza kulitaja kwa jina, kama "hajui kugawanya kwa njia ndefu". Kama huwezi kulitaja, kaa na mtoto kwanza.

Wiki ya kwanza nenda shuleni ujitambulishe kwa mwalimu wa darasa. Usiende na lawama wala usikae sana, ana darasa lenye watoto wengi. Mwambie, "Mwalimu, shikamoo, mimi ni mzazi wa fulani. Somo fulani lilimsumbua darasa la nne. Ukiona analegea naomba unijulishe kwa namba hii." Muulize pia mkutano wa wazazi ni lini, na kama UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu, unafanya kazi shuleni hapo. Mwalimu anayekufahamu sura atakupigia simu. Asiyekufahamu ataandika kwenye daftari.

Na madaftari yafunguliwe kila Ijumaa. Mimi nimeshaweka saa, baada ya chakula cha jioni, kabla ya taarifa ya habari. Sitafuti alama. Natafuta ukurasa wenye mikasi mingi ya makosa, namwomba achague swali moja alilokosa anieleze alikuwa anafikiri nini, alirudie, halafu naweka sahihi na tarehe chini ili mwalimu ajue nimeona. Akinionyesha kosa mwenyewe simkaripii, hata kama nimechoka, kwa sababu dada yake alificha kwa miezi mitano akiogopa sauti yangu. Na nikikuta kalamu nyekundu inaniita, Jumatatu asubuhi nitapitia shuleni kabla sijaenda kazini.