Umelipa, mzigo haujafika, muuzaji hapokei simu: fanya hivi

Nauza vyombo vya jikoni Kariakoo, na wateja wangu wengi wako mikoani, nawatumia kwa basi. Ndiyo maana hunifuata watu waliolipia kwa muuzaji mwingine wa Instagram wakaishia kusubiri. Wengi wao huwa wameshamtukana kwenye komenti, wakablokiwa, na tangazo hawalioni tena.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi kabla hamjagombana

Piga skrinishoti za tangazo, bei na mazungumzo yote tangu salamu. WhatsApp inamruhusu mtu kufuta ujumbe alioutuma, na wewe usiuone tena, kwa hiyo usingoje kesho. Kwenye Instagram, fungua ukurasa wake uingie kwenye maelezo kuhusu akaunti: mara nyingi utaona ilifunguliwa lini na kama imewahi kubadilishwa jina. Duka linalojiita la miaka kumi huku akaunti ina miezi miwili, hapo ushajua.

Halafu tafuta meseji ya malipo, usiifute hata simu ikijaa. Ina namba ya muamala, tarehe, saa, kiasi na jina lililosajiliwa. Laini inaweza kuwa ya mtu mwingine, sawa, lakini polisi wataanzia kwenye jina hilo, siyo kwenye jina la ukurasa.

Hatua ya 2: Dai risiti ya basi

Aliyetuma kweli ana karatasi ya ofisi ya vifurushi yenye jina la mpokeaji, tarehe na namba ya mzigo. Akisema "nilimpa konda mkononi", akupe namba ya konda na namba ya gari. Ukipata risiti, piga simu ofisi ya basi mwenyewe. Kuna mizigo inakaa stoo kwa sababu tu namba ya mpokeaji imekosewa tarakimu moja, na muuzaji anaonekana mwizi bure.

Hatua ya 3: Tuma ujumbe mmoja, wenye saa

Simu ishirini hazina ushahidi. Andika hivi (RB ni namba ya taarifa unayopewa polisi ukiripoti kosa):

"Habari dada. Tarehe 3 nililipa 85,000 ya blenda, muamala namba (iandike), jina lililotokea ni (liandike). Mzigo haujafika Mbeya. Naomba kabla ya saa 12 jioni kesho unitumie picha ya risiti ya basi au unirudishie hela kwenye namba hii. Isipokuwa hivyo, naenda kituoni kufungua RB."

Ukishatuma, nyamaza.

Hatua ya 4: Mtandao wa simu

Kama ameshakublokia, hii ifanye kwanza, tena mapema. Piga 100, huduma kwa wateja, eleza kuwa umetapeliwa, toa namba ya muamala. Hela ikiwa bado haijatolewa, kuna uwezekano wa kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, nafasi ni ndogo mno. Namba ya simu uliyoitumia hela iripoti kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Hatua ya 5: Polisi

Nenda na skrinishoti zilizochapishwa, siyo simu pekee. Useme umetapeliwa kwa njia ya mtandao. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Usiondoke bila namba ya RB na jina la askari anayeshughulikia. Picha ya muuzaji usiisambaze kwenye magrupu, unaweza kugeuka mshtakiwa wewe. Na atakayekufuata inbox akidai "nina mtu wa mtandao anarudisha hela, tuma ya kufungulia faili" ni tapeli wa pili.

Wauzaji wengine wakisikia RB hupiga wenyewe na kuomba walipe kidogo kidogo. Kubali ukitaka, ila mwandikishiane kituoni mbele ya askari, kila awamu na tarehe yake, na RB isifungwe mpaka shilingi ya mwisho iingie.