Kabla GTA VI Haijatoka: Wewe Unayesubiri, Pitia Haya Kwanza

Yale ya kawaida nitayapitia mbio mbio, kwa sababu mengi unayajua na bado utayapuuza. Kwenye hela nitakaa, maana ndiko tulikoungulia.

Mashine kwanza. Gemu la GTA VI, yaani Grand Theft Auto ya sita ya kampuni ya Rockstar, limetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S, basi. PS4 yako haimo, hata ukiifuta vumbi kila Ijumaa. PS3 za kwenye mabanda ya mtaani, zile ambazo pedi zake zimefungwa raba bendi, hazimo. Kompyuta haikutajwa kwa siku ya kwanza. Simu ndiyo usiulize kabisa, na hapa nisikilize vizuri. Kila baada ya muda kuna mtu anarusha kwenye kundi la WhatsApp faili la "GTA 6 ya simu", MB mia mbili na ushee. Ukilifungua, kabla hata ya picha, linaomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Gemu linataka meseji zako za nini? Kwenye meseji ndiko zinakoingia namba za uthibitisho za benki na za pesa ya simu. Futa, halafu mwambie na aliyekutumia afute, hata kama ni shemeji yako.

Tarehe usiiapie. Trela la kwanza, Desemba 2023, lilisema 2025. Tarehe 2 Mei 2025 wakasema 26 Mei 2026. Novemba 2025 wakasogeza tena: 19 Novemba 2026, siku ya Alhamisi. Ukitaka kujua tarehe ya tatu nayo ina uzito gani, muulize aliyesubiri gemu la Cyberpunk 2077. Lilikuwa litoke Aprili 2020, ikawa Septemba, ikawa 19 Novemba, siku ile ile ya hili letu, ikawa 10 Desemba. Na lilipotoka, kwenye PS4 lilikuwa linakwama na kuzima hovyo kiasi kwamba Sony waliliondoa kwenye duka lao siku chache baadaye, likarudi Juni 2021. Ndiyo maana mimi siku hizi gemu likiahirishwa siwatukani watengenezaji. Wakae nalo, walipike liive.

Saa nazo zina mtego wake. Trela la kwanza lilipangwa kutoka saa tatu asubuhi ya New York, tarehe 5 Desemba, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni. Tukajipanga: bando limewekwa, kikao kwa jirani mwenye televisheni kubwa, vitumbua vimeagizwa. Kumbe likavuja, Rockstar nao wakaona bora waliachie wenyewe, na kwetu ikawa ni usiku wa manane. Tulipoamka dunia nzima imeshalitazama. Vitumbua tulivila jioni tukiangalia marudio. Kwa hiyo wakisema saa, uliza saa ya wapi. Mwezi wa Novemba tunawatangulia New York kwa saa nane. Kitu kikiachiwa kule saa sita usiku, hapa Dar ni saa mbili asubuhi, watu wako kwenye mwendokasi wanakwenda kazini. Usikeshe bure. Wala usiombe likizo mapema, kwa sababu bosi hataisogeza eti Rockstar wamesogeza.

Kuhusu kupitisha muda, kila mtu na dawa yake. Rudia GTA San Andreas, ni la 2004 na bado linakula usiku mzima. Rudia GTA Vice City ukumbuke mji wenyewe, maana ndiko tunakorudishwa. Tazama trela, isimamishe kila picha, bishana namba ya gari ile ina maana gani, hakuna dhambi. Kuna mashabiki walifika mahali pa kupiga hesabu ya umbo la mwezi kwenye picha za matangazo ili wabashiri siku ya trela la pili. Mwezi ukawakatalia, trela likaja 6 Mei 2025 bila kupiga hodi. Sisi ambao kila mwaka tunabishana mpaka usiku mwezi umeandama au haujaandama, tusiwacheke sana. Waliosubiri gemu la Hollow Knight: Silksong kuanzia 2019 hadi Septemba 2025 walikuwa na mtu anayewapa taarifa kila siku, na siku nyingi taarifa yenyewe ni kwamba hakuna taarifa. Lilipotoka, maduka ya mtandaoni yakazidiwa, watu wana hela mkononi na hawawezi kulipa. Jifunze hapo: saa ya kwanza waachie wenye haraka.

Kununua mashine Kariakoo: nenda asubuhi, nenda na mtu anayejua, na usimfuate winga, dalali wa mtaani, aliyekudaka Msimbazi kabla hujauliza bei madukani mwenyewe. Angalia kwa macho yako kama mashine ina mdomo wa diski. Kuna PS5 zisizo nao, na ndizo utakazoambiwa "hii bei nzuri, bosi wangu". Ina maana hutaazimwa diski, hutauza diski ukilimaliza gemu, na kila kitu utakipakua kwa bando lako. Kama ni toleo la mwanzo lisilo na mdomo, huwezi hata kuuongeza baadaye. Magemu makubwa ya sasa yanavuka GB 100. Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta linataka nafasi ya GB 150. PS5 za mwanzo zimeandikwa GB 825, lakini zako wewe za kutumia ni kama 667. Piga hesabu hiyo kabla ya siku yenyewe, na anza kufuta vitu ambavyo hujavigusa tangu mwaka juzi. Diski nayo isikudanganye, ukiichomeka itakuomba masasisho.

Kadi za kuongezea salio kwenye akaunti: nchi ya kadi ifanane na nchi ya akaunti. Wengi wetu akaunti zetu tumezifungua kama tuko Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kadi ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza haiingii, na muuzaji akishaikwangua harudishi.

Umeme unaujua. Ukikatika, chomoa. Kurudi kwake ndiko kunakoua vitu.

Sasa hela.

Januari 2024, mzuka wa trela ukiwa haujapoa, tukakaa watu watano kwenye kijiwe chetu Mwananyamala tukaanzisha mchezo. Si mchezo wa kupeana kama wa mama zetu, ambao kila mwezi kuna anayepokea. Wetu ulikuwa wa kutunza: elfu thelathini kila mtu kila mwezi, hakuna kutoa, mpaka zitoshe PS5, pedi ya pili, stebilaiza na gemu lenyewe. Tulimchagua mweka hazina, mtu mzima kuliko sisi, mwenye mke na watoto, asiyekunywa. Akanunua kaunta buku, akaipiga kava la gazeti kama mtoto wa shule. Hela zikakaa kwenye laini yake ya simu.

Na tulichanga kweli. Miezi kumi na sita hakuna aliyeruka. Aprili 2025 kitabu kilisoma 2,400,000. Tulishaanza kubishana mashine ikae kwa nani.

Halafu ikaja ile tarehe 2 Mei. Ilikuwa Ijumaa. Taarifa ilipoingia hakuna aliyesema neno juu ya hela, tulilaumu tu, tukacheka, tukarudi kwenye mpira. Lakini tangu siku ile hakuna aliyechanga tena. Nani achange hela ya gemu la mwakani? Na hela iliyokuwa na siku yake ikawa haina siku. Hapo ndipo ukae macho. Hela yenye kazi ya Oktoba huwezi kuigusa Juni, unaona aibu. Hela isiyo na kazi mpaka mwakani inakuwa kama kiti kitupu kwenye daladala, anayefika anakaa.

Novemba wakatangaza kuahirisha tena. Safari hii mmoja wetu akasema basi tugawane, kila mtu achukue chake tutaanza upya. Mweka hazina akasema sawa, kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Jumapili akaja na kitabu, akakiweka juu ya benchi, hakukifungua. Tukakifungua wenyewe.

Kurasa za mbele zilikuwa safi, kalamu ya bluu, mistari ya rula, sahihi zetu tano kila mwezi. Ukurasa wa mwisho kabisa, nyuma, ulikuwa na maandishi ya penseli. Laki saba: injini ya bodaboda ya mwenzetu, iliyokufa Julai. Laki tano na arobaini: ada ya mtoto wa mwingine. Laki sita: yeye mwenyewe mweka hazina, na mbele yake ameandika "mama, hospitali". Nilianza kupandisha sauti. Niliuliza amani ya kijiwe iko wapi, nikauliza uaminifu uko wapi, nilikuwa nimesimama kabisa. Yule wa bodaboda akanishika mkono akaniwekea kidole juu ya mstari wa kwanza wa ukurasa ule. Laki mbili na nusu. Jina langu. Kodi ya chumba, mwezi wa sita.

Sikuwa nimeisahau. Nilikuwa najihesabia kwamba yangu ni ya kuazima na ya wengine ni wizi.

Kwenye laini zilibaki 310,000. Na hakuna aliyeiba, hilo ndilo lililotukalisha kimya. Kila mmoja alikwenda kwa mweka hazina peke yake, usiku, akaomba zisisemwe, akaahidi kurudisha kabla gemu halijatoka. Na kwa kuwa gemu lilikuwa halitoki, kila ahadi ilikuwa bado haijavunjwa.

Wa tano hakuwemo kwenye ukurasa ule. Ni mdogo wetu, anauza chipsi pale karibu na kituo, mikono yake hainuki kitu kingine ila mafuta. Alichanga miezi yote kumi na sita, mara nyingine kwa sarafu na noti za mia tano tano. Alisoma ukurasa mpaka chini, akaugeuza kuona kama kuna zaidi, halafu akauliza, bila hasira hata kidogo:

"Kwa hiyo kaka, kilichoahirishwa ni gemu au ni PS?"

Tulianza kumlipa yeye, 480,000 zake zote, kabla ya mtu mwingine kufikiriwa. Ilituchukua mpaka baada ya Krismasi. Kitabu sasa anakishika yeye.

Kwa hiyo kama mnachanga, na najua mnachanga, kabla ya shilingi ya kwanza kubalianeni gemu likiahirishwa hela inakwenda wapi. Iandikwe, isomwe kwa sauti, wote mkiwepo. Hela isikae kwenye laini ya mtu mmoja hata awe imamu. Ziko huduma za vikundi kwenye simu ambazo hela haitoki mpaka wenzako waidhinishe, na meseji inamfikia kila mtu. Mkiamua kukopeshana, kopeshaneni mchana. Na mashine inunueni hela ikitimia, msingoje siku ya gemu. Mashine ikiwa ndani mtacheza mpira, mtarudia GTA V la 2013, mtakodisha hata wikiendi, na hakuna atakayeweza kuikopa kulipia kodi.

Na usimpe mwenye duka malipo ya awali ya diski ambayo bado haijachapwa. Risiti ya mkono yenye muhuri uliofifia haitakusaidia duka likihamia mtaa mwingine. Ukinunua mashine iliyotumika, iwashwe mbele yako, icheze nusu saa, sikiliza feni, jaribu pedi kila kitufe. Usitoke Kariakoo jioni umekumbatia boksi lenye picha, omba kiroba. Stori za gemu zikianza kuvuja, nyamazisha makundi ya WhatsApp na usifungue hali za watu. Wenye banda, mfululizo huu Ulaya unauzwa kwa wenye miaka kumi na minane, kwa hiyo wale wa darasa la tatu wanaokuja na mia mbili zao waachieni mpira. Ekstensheni za bei ya chee zenye matundu sita msizichomekee televisheni, mashine na pasi kwa pamoja. Chai iwekwe chini, mbali na nyaya. Na mwenye nyumba aambiwe mapema kwamba usiku ule kutakuwa na kelele.